Kuseti tapeti na taimingi ya 2F, ile silinda sita ya Land Cruiser ya zamani

Kama una Land Cruiser ya zamani ya petroli, FJ40 ile fupi, FJ45 pikapu au FJ60, ya kuanzia 1975 mpaka katikati ya miaka ya 80, basi ukifungua boneti kuna uwezekano mkubwa unatazamana na mzee 2F. Injini ndefu, chuma tupu, haina kompyuta haina sensa, ina kabureta, distribyuta na roka kumi na mbili zinazogonga kama cherehani. Mi nimeishi nayo miaka tisa sasa na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mbona ya kwako inavuta ya kwangu inajikokota na mafuta inakunywa kama ngamia? Na mi huwa nauliza kitu kimoja tu, tapeti, yaani ile mianya kati ya roka na valvu, zilisetiwa lini mara ya mwisho na nani alizigusa? Hapo mtu anaanza kukuna kichwa.

Nitaelekeza kazi nzima hapa, tapeti kwanza, afu pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili cheche itoke), afu taimingi (wakati cheche inapotoka), kabureta mwisho kabisa, na naomba usiruke maana kila kimoja kimekalia mgongo wa mwenzake, ukianza na kabureta kama wafanyavyo wengi utakuwa unatibu homa kwa kupaka rangi kucha. Kabla ya spana nitaongea kidogo injini yenyewe ilivyotengenezwa. Usiipite hiyo sehemu. Ukishaelewa pistoni zinavyopishana mle ndani huhitaji kukariri chochote, kila kitu kinatoka kwenye mstari mmoja wa namba, mpangilio wa silinda zinavyopigwa moto: 1-5-3-6-2-4.

Haya, mzee mwenyewe. Ni sisi (cc) 4,230, silinda sita zimepanga foleni moja, upana wa pistoni milimita 94 na mwendo wake wa kupanda na kushuka milimita 101.6, yaani mwendo ni mrefu kuliko upana, na injini za namna hiyo hazipendi kukimbizwa, zinapenda kubebeshwa. Nguvu yake ni kama farasi 135 kwenye mizunguko 3,600, namba ambayo leo hata gari dogo la mjini linaipita, lakini jaribu kulipakia hilo gari dogo magunia ishirini ya mahindi afu ulipandishe mlima uone. Kompresheni ni 7.8 kwa 1, ndogo, ndo maana haichagui petroli sana.

Ukoo wake unaanzia mbali. Miaka ya 30 Toyota walipoanza kutengeneza injini waliichukua silinda sita ya Chevrolet ya Marekani wakajifunzia, injini yao ya kwanza ya Type A ilikuwa ni kuiga ile, na ukiitazama 2F bado unaona mkono wa Mmarekani wa zamani: kamshafti iko chini ndani ya bloku, inasukuma pushirodi ndefu, pushirodi zinainua roka, roka zinabonyeza valvu. Hakuna cheni, hakuna mkanda wa taimingi, giya ya kranki imeng'atana na giya ya kamshafti moja kwa moja basi. Kabla yake kulikuwa na F ya sisi 3,878, baada yake ikaja 3F ya sisi 3,955 yenye mwendo mfupi kidogo, milimita 95, na kufika 1992 wakaleta 1FZ-FE yenye kamshafti mbili juu na valvu 24, hiyo ni dunia nyingine kabisa na haya maelekezo hayaihusu.

Sasa kwanini sita kwenye mstari mmoja zinatulia vile, mpaka unaweza kusimamisha shilingi juu ya kifuniko? Sikiliza. Kwenye kranki pistoni zimeungana wawili wawili kama pete na kidole, ya 1 na ya 6 zinapanda pamoja na kushuka pamoja, 2 na 5 hivohivo, 3 na 4 hivohivo, na jozi hizo tatu zimeachana kwa nyuzi 120. Kwahiyo wakati jozi moja inapanda zingine ziko safarini kwenda kwingine, mitikisiko inafutana yenyewe kwa yenyewe, hata ule mtikisiko mdogo wa pili ambao injini ya silinda nne haiwezi kuuondoa bila kuwekewa mashafti ya ziada. Halafu kazi ya silinda moja inakamilika kranki ikizunguka mara mbili, nyuzi 720, gawa kwa sita unapata 120, yaani kila nyuzi 120 kuna silinda inapigwa moto, na kwakuwa kila pigo linasukuma pistoni nyuzi 180, pigo jipya linaanza kabla la zamani halijaisha. Hakuna sekunde ambayo kranki haina mtu anayeisukuma. Kama watu wanaovuta jahazi pwani, huyu akivuta pumzi mwenzie keshaikaza kamba.

Kuna kasoro moja ya ubunifu lazima uijue. Manifoldi ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi zote ziko upande mmoja wa injini, zimefungwa pamoja, ya hewa imekaa juu ya ya moshi ili joto la moshi lisaidie kugeuza petroli kuwa mvuke. Kwenye baridi ya Njombe hiyo ni baraka, lakini maana yake zile chuma mbili zinapanuka na kusinyaa tofauti na baada ya miaka arobaini gasketi yake inaanza kuvuja hewa. Hewa ikiingia pale hata useti vipi sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) haitatulia. Kwahiyo kabla hujaanza chochote, injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya upande wa hewa (wengine hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta, karibu na ekzosti ya moto, mi simo). Mlio ukibadilika, shughulikia gasketi kwanza.

TAPETI

Vipimo vya 2F ni valvu za hewa milimita 0.20, valvu za moshi milimita 0.35, na vinapimwa injini ikiwa ya MOTO. Sio vuguvugu. Endesha gari nusu saa, sindano ya joto ikae mahali pake pa kila siku, ndo uzime ufungue.

Zana: fila geji (mabati membamba ya kupimia mianya) nzuri ambayo mabati yake hayajakunjwakunjwa, bisibisi bapa pana, spana ya ringi inayokaa vizuri kwenye lokinati za roka, spana ya plagi, tochi, glavu na gasketi mpya ya kifuniko cha roka maana ya zamani ikiwa ni ya koki itakatika tu ukiigusa. Toa waya za plagi, na usijiamini, weka alama kila waya na silinda yake. Toa plagi zote sita, hedi ni chuma sio alumini kwahiyo kuzitoa ikiwa ya moto sio dhambi, ila utaungua vidole. Bila plagi injini inazunguka kirahisi. Unaizungusha kwa hendeli kama gari lako bado lina tundu lake mbele, au kwa spana kubwa kwenye nati ya puli ya kranki, au kama huna vyote weka giya ya nne, sehemu tambarare, mwenzio asukume gari pole pole huku unaangalia. Hendeli ndo tamu zaidi.

Fungua kifuniko, utaona roka kumi na mbili zimepanga mstari mmoja kwenye shafti. Ukihesabu kutoka mbele kwenye feni kwenda nyuma zimepangwa hivi: moshi, hewa, hewa, moshi, moshi, hewa, hewa, moshi, moshi, hewa, hewa, moshi. Silinda ya kwanza ina moshi mbele hewa nyuma, ya pili imegeuzwa, ya tatu kama ya kwanza, inaenda hivo mpaka mwisho. Ukisahau, angalia manifoldi, iliyo mkabala na bomba la ekzosti ni ya moshi.

Sasa tafuta silinda ya 1 ikiwa juu kabisa kwenye kubana. Zungusha injini kwa uelekeo wake, yaani mkono wa saa ukiwa umesimama mbele ya rejeta, mpaka mstari wa TDC (alama ya pistoni ya 1 kuwa juu kabisa) kwenye flaiwili utokee kwenye kile kidirisha kilichopo kwenye hausingi ya flaiwili ukutane na mshale wake. Lakini hiyo TDC inatokea mara mbili, mara moja silinda ya 1 inabana mara nyingine inatoa moshi, na watu wengi wanaharibikia hapahapa. Hakiki hivi: shika roka mbili za silinda ya 1, zote ziwe na mchezo, zinatingishika. Za silinda ya 6 ziwe zimekaza, moja inamalizia kufunga nyingine inaanza kufungua. Ikiwa kinyume, zungusha raundi moja kamili.

Ukiwa hapo unaseti roka za 1, 2, 3, 5, 7 na 9 kwa kuhesabu kutoka mbele. Halafu unazungusha kranki raundi moja kamili, silinda ya 6 inakuwa juu kwenye kubana, unaseti zilizobaki, 4, 6, 8, 10, 11 na 12. Imeisha. Mikao miwili tu valvu zote kumi na mbili.

Usikubali tu kwasababu nimesema, angalia inavyotoka. Silinda ya 1 iko juu inabana, valvu zake zote zimefungwa, unaseti zote mbili. Anayefuata kwenye mstari ni 5, amebakiza nyuzi 120 kupigwa moto, ndo kwanza anaanza kubana, valvu ya hewa huenda inamalizia kufunga usiiguse, ila ya moshi imelala fofofo, seti. Baada yake 3, huyo yuko katikati ya kuvuta hewa, ya hewa iko wazi, ya moshi imefungwa, seti ya moshi. Geuka nyuma kwa waliokwisha kupigwa: 4 kapigwa nyuzi 120 zilizopita, valvu ya moshi inakaribia kufunguka usiiguse, ya hewa imefungwa, seti. Na 2 yuko anatoa moshi, ya hewa imefungwa, seti. 6 usimguse kabisa. Kwahiyo walio mbele kwenye foleni unawasetia moshi, waliopita unawasetia hewa. Ukielewa hilo unaweza kuseti silinda sita yoyote ya mstari mmoja yenye roka za kuseti hata kama huna kitabu chake, ilimradi ujue mpangilio wa moto na vipimo vyake.

Kuseti kwenyewe: legeza lokinati, ingiza bati la geji kati ya ncha ya roka na ncha ya shina la valvu, zungusha skrubu kwa bisibisi mpaka bati likitoka linakwaruza kidogo, kama unavuta noti iliyobanwa katikati ya kitabu, sio likwame sio lielee. Shikilia skrubu kwa bisibisi isizunguke huku unakaza lokinati. Afu PIMA TENA, maana kukaza lokinati karibu kila mara kunasogeza skrubu. Mi mwanzoni nilikuwa sipimi tena, nikashangaa kwanini kila nikiseti gari inabadilika tabia.

Ujanja mwingine hapa. Kwenye injini iliyotembea sana ncha ya roka inachimbika, inakuwa na kashimo pale inapogusana na valvu. Bati la geji ni bapa, linapita juu ya kashimo kama daraja juu ya mtaro, unaambiwa 0.35 kumbe nafasi halisi ni kubwa zaidi na inaendelea kugonga. Pitisha kucha chini ya roka, ukihisi kashimo, shafti ishuke roka zichongwe au zibadilishwe. Usijaribu kuua huo mlio kwa kukaza.

Na hapa ndo ninapotaka kukaa kidogo. Nilipoinunua hii gari ilikuwa inagonga tik tik tik, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, akakaza tapeti kwa sikio mpaka ikanyamaza, kimya kama maji ya mtungini, nikampa hela yake na ya soda juu. Miezi mitatu mbele inamisi, haina nguvu, kupima kompresheni silinda ya 3 inasoma psi 60. Valvu ya moshi imeungua ina pengo kama jino la mtoto. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, sikujua walikuwa wanaongelea 2F.

Sababu ni hii. Valvu ya moshi inapigwa na moto muda wote, na mahali pake pakubwa pa kupoa ni pale inapokaa kwenye siti, joto linapita kwenye siti linaingia kwenye hedi linachukuliwa na maji. Ikipata moto shina lake linarefuka. Kama hukuiachia nafasi, kurefuka kule kunaigusa roka, valvu inabaki imeachama kidogo, haipoi, na gesi ya moto inapenya kwenye ule upenyo kila pigo kama mwali wa mtungi wa kuchomelea. Nafasi ikizidi utasikia kelele na utapoteza nguvu kidogo. Ikipungua utanunua valvu. Mi bora ya kelele.

Na kuna la petroli. Hizi injini zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na ile risasi pamoja na ubaya wake wote kwa mapafu na akili za watoto ilikuwa inaacha utando kati ya valvu na siti. Nchi zetu za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufika Januari 2006 ilikuwa imetoka sokoni. Jambo jema kabisa, ila kama hedi yako ina siti za zamani laini, valvu ya moshi inazitafuna taratibu na kuzama ndani, na ikizama shina linapanda juu, NAFASI INAPUNGUA. Yaani injini inazidi kunyamaza yenyewe bila mtu kuigusa, na mwenye gari anafurahi. Ukiona 2F yako imekuwa na adabu ghafla, chukua fila geji siku hiyohiyo.

Plagi ziko nje bado, basi pima na kompresheni, bure tu. Kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata, injini yenye afya inasoma karibu psi 150, iliyoshuka chini ya 115 ni mgonjwa, na ziwe zinakaribiana, tofauti ya zaidi ya 14 kati ya silinda na silinda inataka uchunguzi. Silinda ikiwa chini mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Rudisha kifuniko na gasketi mpya, nati zake kaza kwa adabu, ni bati lile, ukikaza kwa hasira linapinda na litavuja maisha yake yote.

POINTI

Plagi ziwe na mwanya wa milimita 0.8. Pointi za distribyuta, kama gari lako bado lina pointi, mwanya ni milimita 0.45 wakati kisigino cha pointi kiko kwenye ncha ya kamu ya distribyuta. Ukiwa na mita ya dweli (inapima nyuzi ambazo pointi zinabaki zimefunga) ni nyuzi 41. Uso wa pointi ukiwa una kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, usijaribu kupapasa kwa msasa, badilisha pamoja na kondensa, na paka grisi kidogo sana kwenye kamu, ukubwa wa punje ya mtama, usipopaka kisigino kinalika na mwanya unafunga baada ya wiki mbili.

Pointi kabla ya taimingi, siku zote. Ukibadilisha mwanya wa pointi taimingi inahama yenyewe, ila ukibadilisha taimingi mwanya hauhami.

TAIMINGI

Kwenye flaiwili, karibu na ule mstari wa TDC, kuna kigololi kidogo cha chuma kimegongelewa. Hicho ndo nyuzi 7 kabla ya juu kabisa, na ndo alama yako. Safisha kwa kitambaa na weka nukta ya rangi nyeupe, niamini utakuja kunishukuru ukiwa umeinama na jasho linaingia machoni.

Rudisha silinda ya 1 kwenye kubana, simamisha kigololi kwenye mshale. Fungua kifuniko cha distribyuta, roto iwe inatazama mahali pa waya wa silinda ya 1. Ikiwa inatazama upande wa pili kabisa basi uko kwenye raundi siyo, au aliyekutangulia aliingiza distribyuta ikiwa imegeuka nusu raundi afu akapanga waya kufuata kosa lake. Inawezekana kabisa na gari inatembea, usiogope, ila jua. Panga waya kwa 1-5-3-6-2-4 kufuata uelekeo roto inakozunguka, na huo uelekeo usiuulize mtu, zungusha injini kidogo uone kwa macho yako. Na kama umeitoa distribyuta nje na sasa haitaki kuzama mpaka chini, ni shafti ya pampu ya oili haijakutana nayo kule ndani. Itoe, geuza ile shafti kidogo kwa bisibisi ndefu, rudisha. Nyundo weka mbali.

Bila taa ya taimingi unafanya hivi: chukua balbu ndogo ya gari yenye waya mbili, moja kwenye nguzo ya koili inayokwenda distribyuta, nyingine kwenye bodi. Washa swichi bila kupiga stata. Legeza boliti ya distribyuta, izungushe upande roto inakokwenda mpaka balbu izime, afu irudishe kinyume pole pole, sekunde balbu inapowaka ndo pointi zimefunguka na cheche imetoka. Kaza hapohapo. Ukiwa na taa ya taimingi ni rahisi zaidi, injini ya moto, sailensi kwenye mizunguko 650, chomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta uuzibe, mulika kidirisha, kigololi kitulie mbele ya mshale. Ongeza mafuta kidogo utaona kigololi kinakimbia, hizo ni uzito za ndani zinafanya kazi, kisipokimbia zimeganda kwa kutu, distribyuta ifunguliwe. Kisipotulia kinachezacheza huku na huku, bushi ya shafti ya distribyuta imekwisha na utakuwa unaseti upepo.

Nyuzi 7 ni pa kuanzia. Baada ya hapo barabara ndo inayosema. Tafuta mlima, giya ya tatu, mwendo wa chini, kanyaga. Ukisikia kama mtu anatikisa mfuko wa misumari, taimingi iko mbele mno, rudisha nyuma kidogo. Ikiwa nzito, ekzosti inakuwa nyekundu na injini inapenda kuchemsha, iko nyuma mno. Na kumbuka urefu wa mahali: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda hazijai sana kwahiyo inavumilia taimingi iliyosogea mbele, lakini taimingi iliyokuwa inaimba Arusha ikishuka na mzigo mpaka Tanga joto la mchana inaanza kutikisa misumari. Distribyuta nyingi za 2F zina kinobu kidogo pembeni ya vakyumu cha kusogeza mbele na nyuma kwa safari kama hizo, kazi yake ndo hiyo, watu wanadhani ni pambo.

KABURETA

Hapa sina maneno mengi maana ukifanya ya juu vizuri kabureta huwa inakuwa imepona yenyewe. Kuna kioo kidogo cha duara mbele yake, petroli ionekane katikati ya kioo injini ikiwa sailensi. Ikiwa imejaa, sindano ya floti (inayofunga petroli isizidi) inavuja. Kama inazima kila ukiachia mafuta, angalia kwanza waya wa ile solenoidi ya sailensi, gusanisha na moto usikilize "tak". Isipolia umeshampata mchawi. Mchanganyiko wa sailensi unausikiliza: ingiza skrubu taratibu mpaka injini ianze kuyumba, itoe mpaka izunguke vizuri kuliko zote, rudisha kidogo sana, afu weka mizunguko 650 kwa skrubu ya mafuta.

Baada ya kilomita 500 toa plagi uzitazame. Rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Nyeusi ya masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe kama mfupa, inakosa petroli au inavuta hewa mahali, rudi kwenye ile gasketi ya manifoldi. Moja tu ikiwa na oili na tano ni safi, hiyo ni ya silinda yake sio ya kabureta.

Na kilomita 1,000 baada ya hapo fungua tena kifuniko cha roka, pima zote kumi na mbili KABLA ya kuseti, andika kwenye daftari kila moja imesoma ngapi. Nyingi zitakuwa palepale. Ukikuta moja ya moshi imepungua, iseti, na mara ya pili ukikuta ni ileile imepungua tena, acha kuiseti ujidanganye, hiyo inazama kwenye siti, anza kutafuta hela ya kushusha hedi.